Mume Wangu Asema Habusu Maiti

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo. Nisaidie kabla sijamtukana mtu mzima, maana yamenifika shingoni. Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto wawili, na meno yangu mawili ya mbele yameanza kucheza, siku moja nampima mteja suruali, pini mdomoni kama tulivyozoea mafundi, nikahisi jino linayumba, nikakimbilia kwa daktari wa meno, akanipiga picha, akasema ugonjwa wa fizi umekula mfupa unaoshika meno lakini nimewahi, atasafisha fizi, kisha atazifungua ajaze shimo kwa mfupa wa kutengenezwa kiwandani, nikashukuru jamani, nikajua meno yangu yamepona.

Kumbe! Simu yangu ilikuwa imeharibika, kliniki ikatuma ujumbe kwa mume wangu: "Mgonjwa aje kupandikizwa mfupa." Naye akamsomea dada yake. Wifi akashika kiuno, akasema, "Figo hupandikizwa kutoka kwa mtu. Mfupa je? Aliyeutoa yuko wapi? Si kaburini!" Tangu hapo nyumba haikaliki, nikieleza kwamba ni wa kiwandani naambiwa nimedanganywa, na juzi mezani, mbele ya watoto, mume wangu akatamka, "Ukiweka huo mfupa, mimi sibusu maiti." Wifi ananishauri ning'oe niweke ya bandia kama yeye, ambaye yake huyalaza kwenye glasi, na hakuna aliyewahi kumuuliza meno yale yalikuwa ya nani.

Sing'oi, mshauri! Mume wangu nampenda, na ndoa yangu naitaka, lakini mdomo ni wangu. Siombi ruhusa ya mtu. Nataka kujua tu, niende kwa siri au niwaambie?

Ni mimi, Sing'oi.

Jibu la mshauri

Marahaba, Sing'oi. Nimecheka, halafu nimekasirika, na sehemu ya hasira hiyo ni yako.

Kwa siri ya nini? Umeiba? Siku wakiona nyuzi za mshono kwenye fizi, wifi yako atasema, "Nilisema mimi!" na hapo hata ukweli wako utanuka uongo. Halafu unaniambia huombi ruhusa ya mtu, huku umekaa unabishana mezani na meno yanazidi kulegea. Sasa unasubiri nini kama si ruhusa?

Hilo neno "kupandikizwa" ndilo lililowavuruga. Mfupa wa kutengenezwa ni punje za madini yanayofanana na yaliyomo kwenye mifupa yetu. Hukaa kama jukwaa la waashi, na mfupa wako mwenyewe ukakua hapo. Ila mumeo nisimsute sana, maana ipo pia mifupa ya kujazia inayotokana na wanyama, na ipo inayotoka kwa watu. Kuuliza hakukosea. Alikosea kumuuliza dada yake badala ya daktari.

Basi fanya hivi. Nenda kliniki na mumeo, na wifi abaki nyumbani. Mwambie daktari awaoneshe pakiti yenyewe na awasomee mfupa huo umetengenezwa kwa kitu gani, mumeo aulize mpaka maswali yamwishie. Wewe nawe uliza kama shimo lako linafaa kujazwa, kwa sababu si kila shimo linafaa. Fizi zisafishwe kwanza, ukijaza juu ya uchafu umefanya kazi bure. Piga mswaki sawasawa, safisha na katikati ya meno, na pini mdomoni ni marufuku kuanzia leo. Nunua kimto cha pini, fundi mzima!

Akishaona yote hayo na bado akasema habusu, mjibu mbele ya dada yake, kwa adabu na bila kupepesa: "Basi usibusu." Kisha nenda ukatibiwe. Atanuna, mwache anune. Mume hununa mpaka akachoka mwenyewe, lakini jino la ukubwani likishatoka halioti tena.