Jiwe la Mzee Futi

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wifi na hao watoto ambao kila nikitumiwa picha yao nakuta wameongeza jino au wamepunguza. Mnaendeleaje huko? Kikohozi cha wifi kimepungua? Sisi huku tunakula, tunalala na paa halivuji. Mimi mwili ni mzima. Nimekaa kukuandikia kuhusu baba, tena kwa mkono, kwa sababu kwenye simu nimejaribu mara mbili, na mara zote mbili nikaishia kukueleza habari za mvua.

Ulisema umeshapata nafasi kwa daktari wa kumbukumbu, na kwamba mwisho wa mwezi utakuja kumchukua baba ahamie kwenu moja kwa moja. Uliniuliza alianza kusahau lini. Nitakujibu, ila univumilie, maana jibu lenyewe lina kona.

Kazi yangu unaijua kwa mbali tu. Ukisikia mpimaji ardhi unanifikiria juani na mabuti. Juani nakaa wiki moja; miezi miwili inayofuata nakaa mbele ya kompyuta, kwenye chumba chenye meza tatu na feni moja inayompepea bosi peke yake. Enzi za baba watu watano waliburuta mnyororo wa kupimia na kuandika kwenye daftari. Siku hizi mtu mmoja anasimamisha fimbo yenye kipokezi cha setilaiti, anasubiri sekunde chache, tableti inalia, basi, sehemu hiyo imeshapimwa. Ofisini unaunganisha waya, programu inachora ramani. Baba alipoona mara ya kwanza alifurahi kana kwamba kifaa kimenunuliwa kwa ajili yake. Akauliza mnyororo wetu uko wapi, nikamwonyesha juu angani, akacheka mpaka akapaliwa.

Mwaka jana tulipewa kazi ya mtaa wa chini, ule wa kando ya mto. Tulitakiwa kuiweka ramani ya zamani, yenye mpaka wa hifadhi ya mto, mahali pasiporuhusiwa kujenga, juu ya vipimo vipya vya nyumba, ili ijulikane nani apewe hati na nani ahame. Mawe ya mpaka huo yaliwekwa na kikosi cha baba, yeye akiwa kijana wa kubeba mnyororo. Mengi yamefukiwa, ila baba anajua kila moja lilipo. Ndiyo sababu watu wa mtaa ule walimpa jina la Mzee Futi. Wakigombania ua walikuwa wanamwita, anahesabu hatua zake, anachomeka kijiti, na ugomvi unakwisha hapohapo.

Basi ramani ilipotoka, mpaka ulikuwa umepanda kilimani na kumeza nyumba thelathini na moja. Hata mto wenyewe, kwenye ramani ya zamani, haukupita unapopita leo. Bosi akasema mito huhama, miaka arobaini si mchezo, na sote tukatikisa vichwa. Aliyekataa ni baba peke yake. Alinishika mkono akanipeleka hadi kwenye bomba la maji la mtaa, akakanyaga zege lililozunguka bomba, akasema jiwe liko chini ya hapa, yeye mwenyewe alilishikilia wakati linasimikwa. Nikamwonyesha tableti. Jiwe lilikuwa kule juu, ndani ya ua wa fundi cherehani, na kifaa kile hakikosei zaidi ya sentimita mbili.

"Sentimita mbili kutoka wapi?" akaniuliza.

Nilimcheka, kaka. Nilimwambia aache ubishi wa uzeeni, nikampitisha dukani nikamnunulia soda kama mtoto aliyenuna.

Wakazi walipeleka malalamiko, kikao kikapangwa, nao wakamteua baba awe shahidi wao. Yaliyofuata nilikusimulia kwenye simu. Nilisema baba alisimama mbele za watu akachanganya mambo, wakazi wakashindwa, na wiki sita baadaye tingatinga likashuka. Nikasema tangu siku ile amekuwa mtu mwingine. Hilo la mwisho ni kweli. Haendi tena matembezini. Kofia yake ameitundika na haigusi. Amezunguka kwa wale waliohamishwa, mmoja mmoja, kuwaomba radhi kwamba aliwapotosha kwa kichwa chake kibovu, na wengine hawakumfungulia mlango. Ananiuliza kama ameshakula. Ananiuliza kama mlango ameufunga, naye ufunguo ameushika mkononi.

Lakini pale kikaoni baba hakuchanganya neno hata moja. Nilikudanganya.

Siku mbili kabla ya kikao nilikuwa naandaa ramani kubwa ya kubandika ukutani. Nikapima, kwa udadisi tu, mto umehama kiasi gani. Kona ya kwanza, mita themanini na saba. Kona ya pili, themanini na saba. Ya tatu vilevile, na zote upande uleule. Mto unaohama hula kingo huku na kuacha kule; hausogei mzima kama kitanda kilichosukumwa. Nikarudi kuangalia ramani ya zamani niliifunguaje.

Ramani ya zamani ilipimwa kwa kuanzia alama zake, na setilaiti zina mwanzo wake mwingine. Ukiifungua kwenye programu, kidirisha kidogo kinakuuliza vipimo hivi ni vya mfumo upi. Kazi yangu ya kabla ya hapo ilikuwa ya vipimo vipya, na kidirisha kilikuwa bado na jibu lile la jana yake. Nikabonyeza "sawa", kama ninavyobonyeza sawa mara mia kwa siku. Ramani yote ikasogea, na kwa kuwa ilisogea kwa pamoja, hakuna mstari uliogongana na mwenzake. Ripoti ya makosa ilitoka safi kabisa. Nakumbuka niliipiga picha nikamtumia bosi kujisifu.

Nilimfuata bosi nikamweleza. Alifunga mlango, akaangalia, akaelewa haraka kuliko mimi. Akasema ramani imeshatiwa saini hadi ngazi ya juu, na kwenye kumbukumbu za kompyuta aliyebonyeza ni mimi, saa na dakika zimeandikwa. Akasema kama nataka kutangaza nitangaze, ila nitatangaza peke yangu, na cheti changu cha kazi nikiweke mezani kwanza. Hakupandisha sauti. Nilirudi kwenye kiti changu nikaimalizia ile ramani ya ukutani, nikachagua na rangi nzuri.

Kikaoni baba alisimama amevaa koti lake la harusi yako. Alieleza jiwe liko wapi, ni hatua ngapi kutoka kwenye mtaro, lina msumari wa chuma katikati na namba iliyogongwa upande wa mto. Niliona mwenyekiti anaanza kuandika. Kisha mwenyekiti akanigeukia. Alisema mimi ni mtaalamu na pia ni mtoto wake, hivyo niwasaidie, je, kumbukumbu za mzee huyu ni za kutegemewa?

Kaka, ningeweza kusema sijui. Hata hilo lingetosha.

Nikasema, "Baba yangu siku hizi anasahau sana."

Baba alinitazama. Hakukasirika, na heri angekasirika. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa shati lake limechanika mgongoni na wote walikuwa wanaona isipokuwa yeye. Akaniamini palepale, kwa sababu tangu niende shule nimekuwa mtoto wake msomi asiyemficha kitu. Akaomba msamaha kwa kikao, akakaa.

Siku ya tingatinga nilikuwepo na fimbo yangu, kuonyesha mpaka. Walipong'oa zege la bomba, jiwe likatoka na msumari wake na namba yake. Tableti ilikuwa mkononi mwangu inasema jiwe hilo liko mita themanini na saba kutoka niliposimama. Dereva akalisukumia kwenye kifusi pamoja na matofali, lori likaondoka nalo. Sikunyanyua mkono kumzuia.

Baadaye ndipo nilipojifanya jasiri. Niliwaandikia wakubwa kila kitu. Wamejibu kwamba suala lilifungwa kwa ushahidi wa kikao, na ushahidi wenyewe, wakaninukuu, ni maneno yangu. Kazi bado ninayo. Hata kunifukuza hawajanifukuza.

Na baba nilimwambia. Nilipiga magoti, nikamtandikia ramani zote mbili sakafuni, nikamweleza kidirisha, mfumo, bosi, jiwe, na uongo wangu. Alivaa miwani, akatazama muda mrefu sana. Nilisubiri anipige kofi. Akanishika bega.

"Mwanangu, usijibebeshe kosa langu ili unifariji," akasema. "Mashine haiwezi kusahau. Mimi ndiye mzee."

Nimerudia mara tatu, siku tatu tofauti. Kila nikirudia ananihurumia zaidi.

Kwa hiyo swali lako, alianza lini. Daktari akimuuliza, yeye mwenyewe atasema siku ya kikao. Mwambie daktari asikubali. Au mwache akubali, sijui tena lipi lina faida. Mwanzoni nilijua hana ugonjwa wowote. Sasa sina hakika. Jana asubuhi nilimwona amesimama mbele ya kalenda, kidole chake kiko juu ya tarehe yenyewe, anaisoma kwa sauti. Alipomaliza akageuka, akaniuliza leo ni tarehe ngapi. Nikamjibu, akanishukuru.

Njoo umchukue, kaka. Nguo zake nimezikunja tayari. Msalimie wifi, uwabusu watoto, na barua hii usiwasomee. Sikuombi unisamehe.

Ni mimi mdogo wako,
Msumari, kama ulivyozoea kuniita.