Vijiko Viwili vya Asali

Ng'ambo, Tabora

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya Bibi, maana najua atadai ya kwake barua hii ikisomwa. Goti linaendeleaje? Bado linakuuma ukiinuka kwenye mkeka? Mimi ni mzima, hata nguo zimeanza kunibana, kwa hiyo usihangaike.

Utashangaa kupata barua wakati Ijumaa tu tuliongea, kama kila Ijumaa. Kwenye simu siwezi kulisema hili. Nikianza tu unasema "pole mwanangu," na mimi nikishapewa pole nalegea, nakosa la kusema ila shida.

Hebu sikiliza yaliyonipata. Pale ghalani kwetu tunapokea asali kutoka vijijini, tunaichuja, tunaijaza kwenye chupa. Mwenye ghala, Mama Nyamizi, ni Mnyamwezi wa hapa hapa, mfupi, mcheshi, haamini kitu mpaka akionje. Mwezi uliopita nilianza kujiona mtaalamu. Kila mteja namwambia, mimi mtoto wa Pangani, asali ya Sikonge ndiyo asali, hii ya Ntalikwa hapa jirani ina moshi, eti warina asali wa huko huwafukiza nyuki kupita kiasi. Basi akaniita mbele ya wenzangu, akanipa vijiko viwili.

"Hiki cha Sikonge, hiki cha Ntalikwa. Haya, mtaalamu wa Pangani, tuambie."

Nikaonja, na macho nikayafumba kabisa. Cha kwanza nilikisifia mpaka nikataja harufu ya maua. Cha pili nikakunja uso, nikasema moshi umenipanda puani. Wenzangu wakaangua kicheko. Vijiko vyote viwili alivichota kwenye ndoo moja, na ndoo yenyewe ilikuwa ya Ntalikwa!

"Moshi umeuonja kwa masikio, mwanangu," akasema. "Ulimi ulikuwa haujafika."

Niliona haya sana. Haya zilipopungua, nikabaki na swali. Maana ule moshi niliuonja kweli, Mama, sikusema uongo. Ulitoka wapi? Na kama naweza kuonja moshi ambao haupo, ni mangapi mengine nimeyaonja hapa Tabora kwa miaka hii miwili?

Nikaanza kujivizia. Ijumaa iliyofuata nikajikamata. Natembea kwenda kazini, na kichwani tayari naokota: vumbi, sawa, bodaboda aliyenipigia honi nikaruka, sawa, bomba halitoi maji siku ya pili, hiyo ndiyo nzuri kabisa, Mama atasikitika. Nilikuwa nakuchumia shida ili jioni nisipige simu mikono mitupu. Jumamosi, siku ambayo sina wa kumsimulia, nikapita njia ile ile. Vumbi lilikuwepo. Lakini fundi seremala alikuwa anapiga randa mbao za mninga na njia nzima inanukia, na mama muuza vitumbua akaniamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," nikamwitikia vizuri, akafurahi akanizidishia kimoja. Yule mama yupo pale kila siku, hata Ijumaa.

Usidhani nimeanza kuhubiri. Maji yakikatika yamekatika, na ndoo kichwani haipungui uzito kwa kuichekea. Malaria ya mwaka jana nayo haikuwa ya mawazo. Ila najiuliza, katika yote niliyokusimulia, yapi yalikuwa ndoo na yapi yalikuwa moshi?

Nilimweleza Mama Nyamizi kwamba Mjomba amenipatia kazi Tanga, karibu na nyumbani, na anataka jibu mwisho wa mwezi huu. Hakunishauri neno. Alinisimulia tu kuwa babu wa mumewe alitoka pwani na msafara, kwa miguu, akafika hapa akasema apumzike siku tatu. "Kaburi lake lipo kule nyuma," akasema. "Mpaka leo anapumzika." Tukacheka. Kisha nikaingia stoo nikalia, kwa sababu jibu langu nilikuwa nalijua, na nilijua litamuuma nani.

Tangu Baba afariki, nimeona kama nikikwambia nina furaha mbali na wewe nitakuwa nimekuachia msiba peke yako. Ndiyo maana nililalamika. Malalamiko yakawa njia yangu ya kusema nimekukumbuka, na nikayasema mpaka nikayaishi. Kukukumbuka nakukumbuka kweli, Mama, kila siku. Lakini huku nina raha, na raha hiyo nimekuficha kama watu wanavyoficha ugonjwa.

Mpe Bibi salamu zangu, na mdogo wangu Rehema umwambie asome. Mjomba, kaka yako, umshukuru sana kwa ajili yangu, kisha umwambie nafasi ile ampe mwingine. Sirudi, Mama. Likizo nitakuja, ila kuhama sihami.

Ukilia, lia. Ukimaliza, safari hii nipigie wewe, uniambie jambo moja lililokufurahisha tangu Baba atutoke. Najua lipo, na najua nawe umenificha.

Nakubusu mikono,

Binti yako,
Zuhura