Wifi Uliyekohoa kwa Niaba Yangu

Mpendwa wifi,

Bwana asifiwe. Juzi nimekula loshoro sokoni Tengeru, kwa mama mmoja anayekaa palepale ulipokuwa ukikaa wewe. Mahindi yameiva, mtindi mzuri, lakini haikuwa yako. Mkono wako ulienda nao.

Nikaikumbuka miaka ile soko lilipoanza kujaa mitumba, kila mtu kawa mfanyabiashara, na katika kila msiba linanong'onwa jina moja tu. Mtu akikonda na kukohoa, basi, keshahukumiwa: ni ukimwi. Hospitali haendi, anaogopa kuonekana. Mumeo alikohoa chumbani mwenu hadi tukamzika, na hakuna aliyempima chochote.

Ndipo kikohozi kikanikamata mimi. Jasho usiku, kanga inanizunguka mara mbili. Nikasema ni vumbi la kupura maharage. Nikafunga, nikaomba. Asubuhi moja ukasimama mlangoni kwangu.

"Mama Neema, kuomba umeshaomba. Sasa vaa viatu."

"Wifi, watu watasema."

"Watanisema mimi. Kazi yako ni kunyamaza tu, na hiyo sijui kama utaiweza!"

Kule hospitali, benchi la wanaokohoa lilikuwa nje, mbele ya macho ya wote. Na tukamkuta nani? Jirani yako wa sokoni, muuza ndizi. "Mama Eli, kulikoni?" Ukajipiga kifuani: "Mgonjwa ni mimi, mama. Huyu wifi yangu kanisindikiza." Halafu ukakohoa, wifi! Kikohozi kikubwa cha uongo, mpaka yule mama akasogea. Kila nilipobanwa na changu cha kweli, wewe ulikohoa juu yake ukakifunika.

Ndani, nesi alicheka alipojua kopo la makohozi ni la nani. Majibu yakatoka: kifua kikuu, na dawa zipo. Nikauliza kwa sauti ndogo kuhusu ule ugonjwa mwingine. "Huo una kipimo chake," akasema. "Lakini hata aliye nao, kifua hiki kinatibika." Ukageukia dirishani. Nilijua unamwaza nani. Kile kipimo cha pili nilipima baadaye, na jibu lake tulilijua wewe, mimi na Mungu.

Jumamosi iliyofuata hakuna aliyegusa loshoro yako. Ulirudi na sufuria limejaa, watoto wakashangilia, mimi nikasukuma bakuli langu pembeni. Nikasema nakwenda sokoni kueleza ukweli. Ukanifokea: "Meza dawa! Wateja watarudi njaa ikiwauma. Wewe ukifa, hurudi."

Wakarudi kweli, mmoja mmoja. Nami nikamaliza dawa, nikanenepa, ukaanza kunitania kwamba mlango wa kanisa utanibana. Siku hizi unanibana kweli, wifi, na wa kucheka naye sina.

Jumapili iliyopita binti mmoja wa kwaya alikohoa ibada nzima, kanga mdomoni, macho chini. Nikamsubiri nje. "Mama, ni vumbi tu," akaniambia. Hata mimi nilikuwa na vumbi langu. Kesho asubuhi nampitia kwao. Tukikuta watu wanaotujua pale benchini, cha kusema ninacho tayari, na kukohoa nilifundishwa na fundi.

Pumzika kwa Bwana, mpaka atuamshe sote.

Ni mimi wifi yako,
mgonjwa mwenyewe.