Feni Niliyoikata Bila Kufunga Kitambaa

Durban, Jumapili

Baba, shikamoo.

Naomba barua hii ikukute mzima, goti likiwa limekuachia ulale, na gereji yako ya Mkolani ikiwa na kazi. Mama je, bado anakohoa akipuliza jiko? Mimi mwili hauna shida. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ningekuuliza habari za mvua mpaka salio liishe. Isome mwenyewe kwanza, kisha umpe Mama.

Kazi yangu unaijua kwa juujuu: tunafufua magari ya zamani ya mwendo kasi, yale mafupi ya viti viwili. Mwezi uliopita nilipewa jekundu la Mama Dlamini, nesi mstaafu. Lilikuwa la marehemu mumewe, naye alitaka kuliendesha siku ya kumbukumbu yake, mpaka kaburini na kurudi. Injini ilikuwa inatetemeka. Niliifungua, nikapima pistoni moja moja kwenye mizani ndogo kama ya sonara, nzito nikazipunguza mpaka zote nne zikalingana. Krankishafti niliipeleka kwenye mashine ya kubalansi pamoja na flaiwili, nikiwa nimezitia alama kabla ya kufungua, kama ulivyonifundisha. Nilipoifunga na kuiwasha, nilisimamisha sarafu wima juu ya injini. Haikuanguka. Ningependa ungeiona.

Ikabaki feni ya kupoza injini. Nilimshauri mama yule aweke ya umeme, inayojiwasha injini ikipata joto. Akakataa, mumewe hakuwa nayo. Basi nikarudisha ile ya chuma ya mapanga sita, inayozungushwa na mkanda. Siku mbili kabla ya safari nikaona panga moja limepasuka kwenye shina. Feni nyingine ingechukua wiki tatu kufika.

Unajua nilichofanya. Nililikata panga lile, nikakata na la upande wa pili linalotazamana nalo, ili feni isiyumbe. Sarafu ikasimama tena.

Lakini wewe ukikata mapanga ya feni ya lori, unafunga kitambaa chekundu kwenye usukani. Nakumbuka ulivyomwambia yule dereva wa lori la pamba wa Kisesa: "Hii ni ya kukufikisha nyumbani tu. Ukikuta foleni, zima. Ukifungua hicho kitambaa kabla hujanunua feni, mimi na wewe hatujuani."

Akacheka, "Fundi, unanitia alama kama ng'ombe wa mnadani." Lakini alikiacha.

Mimi sikufunga kitu. Nilipaka rangi nyeusi pale nilipokata, pasionekane.

Kwenda, alikwenda vizuri; upepo wa mwendo ulitosha. Kurudi akaingia kwenye foleni. Mapanga manne hayakuvuta hewa ya kutosha, maji yakachemka, gasketi ikaungua, silinda hedi ikapinda. Nilimkuta amesimama juani kando ya barabara, viatu mkononi. Hakunifokea. Alisema, "Ungeniambia tu, mwanangu. Ningeomba gari la jirani."

Aibu yenyewe ilikuja kesho yake. Naidu, mwenye gereji, aliiweka feni mezani mbele ya mafundi wote. Huwa ananiita kwa jina la mji wetu. "Mwanza, nani alikufundisha ujinga huu?"

Nikajibu, "Kuna mzee mmoja mlevi, mtaani kwetu. Hata shule hakwenda."

Wakacheka. Na mimi nilicheka.

Baba, hujawahi kuonja pombe, na mtu niliyemsema ni wewe.

Naidu aliitundika feni ukutani, karibu na mlango. Mteja akiuliza, mafundi humsimulia habari za mlevi wa Mwanza. Nimepita chini yake siku kumi na moja. Juzi nilichukua kile kitambaa chekundu ambacho Mama alifungia vyeti vyangu, nikachana kipande, nikakifunga kwenye feni. Naidu akauliza ni cha nini. Nikamweleza habari ya usukani na dereva wa pamba.

"Huyo mlevi ndiye aliyekuwa anafunga?"

"Hanywi. Ni baba yangu."

"Basi aliyelewa siku ile ni wewe," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Silinda hedi imenyooshwa, ile ile ya mwanzo. Mama Dlamini amekubali feni ya umeme. Anasema mumewe atamwelewa. Kwako sijui nianzie wapi, ndiyo maana nimekueleza mambo kama yalivyokuwa. Niombee radhi kwa Mama pia, maana na yeye ni kama nilimwita mke wa mlevi.

Nisalimie shangazi wa Kisesa, na Kulwa anayechomelea hapo jirani yako. Ukitaka kumsimulia, msimulie.

Feni bado iko ukutani. Wateja wakiuliza, siku hizi ninasimulia mimi.

Mwanao,
Shija