Krismasi Ambayo Hatukuvaa Kitambaa Kimoja

Busia, upande wa Kenya. Desemba, siku chache kabla ya Krismasi. Ni mwaka wa arobaini na saba tangu nitoke Kampala.

Mama Simoni wangu,

Leo asubuhi mke wa Simoni ameniletea shati. Limekatwa kutoka kitambaa cha zambarau chenye maua meupe, na ndani ya mfuko alioubeba niliona magauni na mashati mengine ya kitambaa hichohicho, makubwa kwa madogo, mpaka kigauni cha kitukuu wetu wa mwisho ambacho kingemtosha mwanasesere. Nililijaribu mbele yake nikamwambia limenikaa vizuri. Alipoondoka nililikunja, nikaketi, nikaanza kukuandikia. Anwani yako sina. Ndiyo maana naiacha barua hii wazi. Atakayeiokota na aisome.

Unaikumbuka Krismasi yetu ya kwanza pale Katwe, katika kile chumba nyuma ya mafundi wa mabati? Mkesha ule waliweka nyundo chini mapema, nasi tukaweza kuzungumza bila kupiga kelele kwa mara ya kwanza wiki nzima. Ulitoka kwenye cherehani umeshika shati la kijani lenye samaki wekundu, na wewe mwenyewe ulikuwa umevaa gauni la samaki walewale. Nilikuwa mwalimu wa historia, mtu wa mashati meupe. Nilikuuliza kama ni lazima. Ulikata uzi kwa meno, ukanijibu kwa Kiswahili chako cha Bukavu.

"Kwetu siku kuu tunavaaka kitambaa kimoja, ili Mungu akichungulia asipate kazi ya kutupanga."

Nililivaa. Tulipanda kilima cha Lubaga kwa miguu, mimi nikitembea hatua moja nyuma yako, nikijidanganya kwamba watu wakituona tumeachana hivyo hawatagundua. Mwalimu mwenzangu mmoja alitusimamisha kwenye ngazi za kanisa, akatutazama kuanzia juu hadi chini, akasema sasa anaelewa kwa nini dirisha letu halina pazia. Wewe ulicheka kuliko yeye.

Nilikuja kuelewa maana ya kitambaa kile mwaka Simoni alipotupotea. Alikuwa na miaka mitatu. Misa ilitoka, umati ukasukumana mlangoni, na mkono wake ukaniponyoka. Wewe ulishika upande wa ngazi, mimi upande wa lango, nikiita jina ambalo nusu ya watoto wa Kikatoliki wa Kampala walikuwa wamebatizwa nalo. Kisha muuza karanga mmoja, mama wa makamo ambaye hatukuwa tumewahi kumwona, alikuja moja kwa moja kwangu akiwa amembeba mtoto.

"Ssebo, chukua mtoto wako. Nimefuata shati."

Hakuniuliza jina wala natoka wapi. Alinikabidhi mwanangu, akarudi kwenye karanga zake. Tangu siku ile nilitembea ubavuni mwako.

Na chakula chetu, Mama Simoni. Tulikula Krismasi ya pande tatu kutoka sufuria tatu. Jirani yetu Mganda alituletea matoke yaliyofungwa kwenye majani ya mgomba, bado yakitoa mvuke. Wewe ulipika sombe, majani ya muhogo ya kwenu Bukavu. Mimi nilikuwa na ufuta wa kusagwa ambao mama yangu aliutuma kutoka kaskazini kwa mtu yeyote aliyekuwa akija mjini. Samaki walikuwa kazi yangu. Asubuhi ya mkesha ulinituma Ggaba, kando ya ziwa, kwa sababu ulidai samaki wa pale mwaloni wana adabu kuliko wa sokoni, na kila mwaka niliporudi ulifungua gazeti, ukamtazama samaki, ukatikisa kichwa. "Baba Simoni, huyu ulimtoa darasani. Hata mtihani hajafanya." Kisha ulimpika, na hakubaki hata mfupa wa paka.

Jioni, kabla mtu hajavua nguo, ulitupanga mlangoni na utepe wako wa kupimia. Ulitupima kwa ajili ya mwaka ujao. Kwangu hukuongeza kitu ila tumboni. Kwa Simoni, na baadaye kwa binti yetu Furaha, uliongeza vidole viwili vya urefu, na hukuandika popote. Vipimo vyetu vyote ulivitunza kichwani. Nilipenda kukutazama ukifanya hivyo. Redio ya jirani ilikuwa ikisoma amri mpya za wanajeshi, mara mtu fulani amefutwa, mara jambo fulani limekatazwa, na wewe ulikuwa mlangoni umepiga goti ukihesabu vidole viwili vya mwaka ambao hakuna aliyekuwa na hakika nao.

Miaka ile ilizidi kuwa mibaya na wewe hukuacha. Sukari ikawa kitu cha kunong'onezana. Sabuni ikakatwa vipande kama keki. Maduka ya Wahindi waliofukuzwa yalikuwa yamegawiwa watu ambao hawakujua bei ya walichopewa, na rafu zilipobaki tupu hakuna aliyezijaza tena. Kila kitu kikawa magendo. Lakini ilipofika Novemba ulipotea nusu siku, ukarudi na kitambaa chini ya kikapu cha mihogo, na hukuniambia ulikipata wapi. Mwaka wa mwisho kilikuwa cha njano, chenye ndege weupe waliokunjua mabawa. Ulikitandaza kitandani. Furaha, aliyekuwa na miaka minne, alilala juu yake akawahesabu ndege mpaka hesabu yake ikaisha.

Mwaka huohuo walimu wenzangu wawili kutoka kaskazini walikuwa wamekwisha kuchukuliwa, mmoja akiwa na chaki mkononi, mbele ya wanafunzi. Waliowachukua hawakuhitaji kosa. Jina la ukoo lilitosha, na langu lilikuwa la upande huohuo. Nilikwenda kazini na kurudi. Hatukulizungumza jambo hilo mbele ya watoto, wala usiku hatukulizungumza, kwa sababu ukuta wetu ulikuwa wa bati.

Ni mteja wako aliyelisema. Mke wa sajini, yule Mwislamu mrefu kutoka kambini ambaye nguo zake za Idi ulizishona wewe. Alikuja kujaribu gauni. Ulikuwa umepiga magoti miguuni pake, pini mdomoni, ukirekebisha pindo, na mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikisahihisha madaftari.

"Dada," alisema, bila kubadili sauti, "mwalimu asikule Krismasi hapa."

Kisha akakuomba upunguze kiunoni kidogo.

Mpango wote ulikuwa wako. Mwanamume mwenye mke, watoto na mizigo, kwenye kizuizi cha barabarani, ni mtu anayekimbia. Mwanamume na mtoto wake wa kiume mkesha wa Krismasi ni mtu anayempeleka mjukuu kwa bibi. Kwa hiyo mimi na Simoni tungetangulia. Wewe hukuweza kuondoka nasi, kwa sababu fundi cherehani akifunga kabla ya Krismasi, Katwe nzima itauliza. Ulikuwa na nguo za watu. Ungezimaliza, ungezigawa, asubuhi ya Krismasi ungepanda Lubaga na Furaha kama kawaida, na misa ikitoka ungeteremka na umati mpaka kituo cha mabasi. Tungekutana Busia, ng'ambo ya mpaka, kwenye kanisa lenye mlango wa kijani ambalo binamu yako alikuwa ametueleza. Atakayefika kwanza amngoje mwenzake.

Na ulisema mwaka ule hatutavaa kitambaa kimoja.

Hukuhitaji kunieleza. Kama wangemshika mmoja wetu, shati lake lingewaonyesha wengine. Kilichokuwa kimemrudisha Simoni kwangu sasa kingeweza kuwaleta kwangu watu wa aina nyingine. Kile cha njano ulikikata ukawashonea wateja. Magauni, blauzi, suruali ya mtoto wa muuza mkaa. Ndege wetu waliruka wakatua Katwe nzima. Furaha alipoona gauni la ndege likitoka mlangoni mikononi mwa mtoto mwingine alilia mpaka akapata kwikwi. Simoni hakulia. Aliniuliza pembeni kama tumegombana, wewe na mimi.

Asubuhi ya mkesha ulikuwa unapiga pasi, makaa yamewaka vizuri, na rundo la nguo za wateja lilifika kifuani mwako. Nilivaa shati jeupe. Nilisimama pale na mfuko wangu mmoja, nikakuuliza kesho utavaa nini.

Ulicheka. Ule mcheko wako wa puani.

"Baba Simoni, miaka yote hii unaangaliaka nguo? Sura hujaiona?"

Furaha alikuwa bado amelala. Niligusa kisigino chake kilichotokeza nje ya shuka, kisha tukaondoka.

Vizuizi tulivipita vyote. Pale Jinja askari alimuuliza Simoni anakwenda wapi, akamjibu kwa bibi, na askari akamwambia amsalimie. Jioni tulikuwa ng'ambo. Kanisa lilikuwa na mlango wa kijani kama tulivyoambiwa. Tulilala kwenye benchi, na asubuhi watu waliingia kwa misa wakatukuta tunawatazama nyuso.

Basi la kwanza la Krismasi kutoka Kampala lilifika mchana. La pili lilifika jua likielekea kuzama. Siku iliyofuata nilikwenda mpakani, nikamweleza ofisa wa Kenya kwamba namtafuta mke wangu na binti yangu. Alikuwa mtu mwema. Alivuta kiti nikae, akachukua kalamu.

"Mzee, walikuwa wamevaa nini?"

Krismasi zote za nyuma ningejigusa kifua tu. Hii hapa. Kama hii. Siku ile nilikuwa na shati jeupe, na jibu sikuwa nalo. Nilianza kumweleza uso wako: kovu dogo juu ya jicho la kushoto, nyusi zinazokaribia kukutana, jinsi unavyotembea kama mtu aliyekumbuka kitu jikoni. Alisikiliza kwa adabu, lakini kalamu haikusogea. Madereva wa mabasi nao waliniuliza hivyohivyo, na makondakta, na wanawake wauza mikate waliokaa pale kutwa. Kila mmoja alitaka rangi. Uso wako naujua mpaka leo, Mama Simoni. Hakuna aliyeuulizia.

Utawala ule ulipoanguka Simoni alikuwa bado mdogo. Alipokuwa mtu mzima alikwenda yeye. Mimi nilibaki, ili hapa pasikose mtu. Alikaa Kampala wiki mbili. Katika chumba chetu alikuta fundi anayetengeneza majiko. Jirani yetu, yule wa matoke, alikuwa hai bado; alimkumbatia, akaapa kwamba alikuona asubuhi ile ukiteremka Lubaga umemshika Furaha mkono, na kwamba ulivaa njano yenye ndege weupe. Simoni alirudi na habari hiyo akiwa amefurahi, naye alikuwa mwanamume mwenye ndevu. Mimi ndiye niliyelazimika kumkumbusha ni wanawake wangapi wa Katwe walivaa ndege wale siku ile. Mtu mwingine alisema kijani. Mwingine alisema siku ile hukutoka kabisa.

Labda ulibakiza kipande. Nimewaza hivyo mara nyingi. Labda usiku ule, nguo za watu zilipokwisha, ulimshonea mtoto gauni la ndege ili anyamaze. Rangi ya gauni la Furaha siijui, lakini urefu wake naujua. Ulimpima mbele yangu Krismasi iliyotangulia, ukiwa umepiga goti mlangoni, ukaongeza vidole viwili.

Hapa nilipata shule, nikafundisha hadi nikastaafu. Sikuoa. Mtaa huu una Wakongo wengi sasa, na wanapozungumza dukani nasimama nyuma yao kwenye foleni hata kama sinunui kitu. Simoni ana watoto, na watoto wake wana watoto. Ni yeye aliyerudisha kitambaa kimoja, mwaka alipooa, bila kuniuliza. Asubuhi ile nilipowaona wamejipanga uani, wote wa rangi moja, nilirudi chumbani nikakaa kitandani. Nilivaa baadaye.

Kila Desemba ananiambia twende. Baba, ni saa chache tu kwa basi, siku hizi watu wanavuka kununua nyanya na kurudi. Ni kweli. Kutoka mlangoni kwangu naona malori yamepanga foleni kuingia Uganda. Anataka nikaone Lubaga, nikawashe mshumaa, nikuage. Namwelewa. Yeye alikuwa na miaka tisa, na amemngoja mama yake kuliko mtoto yeyote anavyopaswa kungoja. Lakini mahali tulipokubaliana si Lubaga.

Siku ya Krismasi nitakuwa kwenye kanisa lile. Mlango sasa umepakwa rangi ya kahawia, usikuchanganye. Misa ikitoka nitasimama nje, upande wa kulia, mpaka watu waishe. Nywele zangu zimekuwa nyeupe na nimepungua, kwa hiyo usitafute sura. Tafuta shati la zambarau lenye maua meupe. Na ukiona watoto wengi wa rangi hiyo wanakimbizana uani, hao ni wako.

Mimi Kampala sitarudi.

Mume wako,
Baba Simoni na Furaha