Rundo Chini ya Turubai

Jumatano, 11 Machi

Tak. Kitumba kibichi cha pamba kikipasuliwa kwa kidole gumba. Mlio huo ninao sikioni tangu jana jioni. Sengi Kabula alipasua kimoja, cha pili, cha tatu. Ndani ya vyote, funza mwekundu. Sengi ni shangazi, na huyu ndiye aliyenilea. Ana shamba moja tu, na msimu huu lote ni pamba.

Leo kazi kama kawaida. Nimechanganya unga wa mkaa na uji wa muhogo, nimezungusha mashine, nimeanika. Mama ntilie wa Bariadi wanausubiri mkaa wangu. Mikono ilikuwepo, kichwa hakikuwepo.

Alhamisi, 12 Machi

Najua funza wametoka wapi.

Kila mkulima huku anajua: ukimaliza kuvuna, ng'oa miti ya pamba, choma. Funza hulala kwenye vitumba vikavu vilivyobaki juu yake. Nilijibu swali hilo chuoni, nikapata. Na bado mwaka jana nilikwenda kwa jirani yetu, Mzee Mayunga, nikamwambia asichome. Aniletee mimi, nitaigeuza mkaa kabla ya mvua.

Pipa langu la kuchomea ni dogo. Mvua ikanikuta. Nikalifunika rundo kwa turubai nyuma ya banda, hatua chache kutoka shamba la sengi. Anadhani ni maranda ya mafundi seremala, ninayochomea mkaa siku zote. Sikumwambia vinginevyo.

Kiburi. Sina neno lingine.

Jumamosi, 14 Machi

Bwana shamba amekuja. Kauliza nani hakuchoma miti yake. Majirani walikuwa wamejaa uani. Sengi hakusubiri.

"Si huyu hapa! Mzee Mayunga, wewe kitanda kinakujua kuliko jembe."

Watu wakacheka. Mzee akasema aling'oa yote.

"Ukaipeleka wapi?" bwana shamba akauliza.

Mzee akanitazama, mara moja tu. "Ng'ombe walikula."

"Ng'ombe gani hao wanaokula mpaka mizizi?" Sengi tena. Kicheko kikazidi.

Mimi nilikuwa nimeshika gunia. Niliendelea kulishika.

Alhamisi kuna mkutano wa kijiji. Mwenyekiti atamtaja mbele ya wote kuwa ndiye aliyetuletea funza.

Jumapili, 15 Machi

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilipotoka nilimfuata Mzee Mayunga njiani. Nikamwamkia: mwangaluka, baba. Akaitikia kama siku zote. Nikamuuliza kwa nini amedanganya.

"Mimi wameshanizoea," akasema. "Wewe ndiyo kwanza unaanza. Nyamaza, mwanangu."

Nilimchukia kwa wema huo. Halafu nikajichukia, kwa sababu nilipofika nyumbani nilikuwa nimepata nafuu.

Jumanne, 17 Machi

Nimefunua turubai. Vitumba vikavu bado vimening'inia kwenye miti. Nimepasua kama ishirini. Vitupu, kila kimoja na tundu dogo pembeni. Waliokuwemo walishatoka zamani.

Nilikuwa na kiberiti mfukoni. Nilikishika muda mrefu. Ningewasha, bwana shamba mwenyewe angenisifu. Na hapo isingebaki alama yoyote. Lakini shamba limeshaliwa. Moto wa leo ungemwokoa mtu mmoja tu, na huyo ni mimi.

Nimelifunika rundo tena.

Jumatano, 18 Machi

Sengi ameokota vitumba vilivyooza siku nzima, mgongo umeinama. Jioni kaniambia nisiende tena kumsalimia Mzee Mayunga. Nimesema ndiyo, sengi.

Ijumaa, 20 Machi

Manyunyu tangu asubuhi. Sijaanika kitu.

Sengi amepika, akaniachia ugali na mlenda jikoni, umefunikwa. Hajaniita. Nimekula peke yangu, nikaosha na sahani yake. Nasikia akikohoa upande wa pili wa ukuta. Pamba yake haitarudi, hata niseme nini.

Turubai nimelikunja. Rundo liko wazi, mpaka bwana shamba aje alione, ndipo lichomwe.

Jana mkutanoni mwenyekiti alifungua daftari lake, akasema sasa tuje kwenye suala la funza. Mzee Mayunga alikuwa ameshavua kofia. Nilisimama upande wa wanawake. Nikasema jina langu, kisha nikasema rundo liko wapi.