Mizizi Mitatu

3 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua inakukuta mzima, na kwamba goti linakuruhusu kusimama kando ya kiti cha wagonjwa zaidi ya saa moja. Mimi sijambo, isipokuwa ngozi ya vidole imekauka kwa dawa ya kunawia.

Naandika kwa karatasi kwa sababu unazozijua. Nikipiga simu, dada yako anaiweka spika na majirani wote wanajua nimekula nini. Haya ni ya daktari kwa daktari.

Mtihani wa kuandika nimefaulu. Umebaki wa mikono, mwezi wa Juni. Wanakupa kichwa cha plastiki kilichofungwa kwenye kiti, chenye meno, mashavu ya mpira na hata ulimi. Unatoboa na kuziba, na watu watatu wamesimama nyuma yako na karatasi zao. Unaruhusiwa mara tatu maishani. Moja nimeshaipoteza kwa kuchimba nusu milimita zaidi. Nusu milimita, Mjomba, karibu unene wa ukucha.

Kwa sasa sina ruhusa ya kugusa jino la mtu. Miaka tisa niliyong'oa na kuziba kwenye kliniki yako, hapa haihesabiki mpaka bodi iseme. Nimeajiriwa kuwa msaidizi wa daktari mmoja mzee. Nashika bomba la kunyonya mate na kuosha vyombo, na anapokagua mdomo yeye anataja, mimi naandika kwenye faili. Mkewe yuko mapokezi. Ni watu wema. Kabla ya tarehe 30 Aprili Daktari anatakiwa kuiandikia bodi kwamba ninaaminika kazini. Bila barua hiyo siingii chumba cha mtihani.

Kitu kimoja kinanitoa jasho. Hapa hawahesabu meno kama sisi. Sisi tunagawa mdomo robo nne, kila robo na namba yake. Tukisema kumi na tano ni robo ya kwanza, jino la tano: gego dogo la juu, kulia kwa mgonjwa. Wao wanaanzia gego la mwisho juu kulia, moja, mbili, tatu, wanazunguka mdomo mzima mpaka thelathini na mbili. Gego dogo hilohilo kwao ni namba nne. Na kumi na tano yao ni gego kubwa la juu kushoto. Daktari akitaja namba, mimi nalitazama jino, halafu natafsiri. Kila siku, kutwa nzima.

Nisalimie nyumbani.

Mpwa wako

*

15 Februari

Kijino,

Marahaba, mwanangu. Goti limekataa kustaafu na mimi nimekataa kulibembeleza, kwa hiyo tunaendelea kugombana. Wote wazima.

Nilimsomea mama yako ile sehemu ya kichwa cha plastiki. Akauliza, "Kinapiga kelele?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi huo mtihani ni rahisi, mimi mwenyewe ningefaulu." Huyo ndiye dada yangu.

Kuhusu namba, mimi huko ningeshang'oa mpaka pua. Lakini wewe hukuwahi kukosea hata tahajia. Taja namba kwa sauti kabla ya kuandika. Daktari akikuona mwehu, mwambie umefundishwa na mwehu.

Usiogope.

Mjomba wako

*

6 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nyumbani hawajambo? Mimi mwili hauna tatizo.

Ijumaa iliyopita alikuja mama mmoja mshonaji wa mapazia, amekuja kung'olewa. Alikuwa amekaguliwa wiki iliyotangulia. Nilikuwa chumba cha vyombo. Nilimsikia Daktari akisoma faili, nikamsikia akimwambia mgonjwa anamchoma ganzi, nikasikia yule mama akisema kitu mdomo ukiwa umejaa pamba, na Daktari akamjibu, "Najua, najua, inaisha sasa hivi."

Nikaingia kuchukua trei. Jino lilikuwa juu ya kitambaa. Mizizi mitatu.

Unajua nilichokijua pale pale. Gego dogo halina mizizi mitatu. Nikafungua faili huku nimewapa mgongo. Mwandiko wangu, wino wa bluu: 15. Daktari alitaja nne siku ile. Nakumbuka mdomo wake ukisema nne. Macho yangu yakaliona jino, na mkono ukaandika jina lake la nyumbani.

Eksirei ilikuwa imetundikwa ukutani. Lakini gego la kushoto nalo lilikuwa limezibwa zamani, na chini ya pale palipozibwa palikuwa na kivuli cha kuoza, kwa hiyo Daktari alipolitazama hakuona cha kumshangaza.

Jumatatu yule mama alirudi, shavu la kulia limevimba. Akasema, "Daktari, lile lililokuwa linauma bado limo." Daktari alifungua faili. Akaifuata namba kwa kidole. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kusikia anavyopumua. Kisha akasema, "Mama, nisamehe, nimekosea mimi," akalitibu lile bovu mwenyewe.

Alipotoka mgonjwa, Daktari aliniambia: "Nilitaja kumi na tano, siyo?"

Sikujibu. Akachukulia ni ndiyo.

Mjomba, nifanyeje? Hakuna anayejua isipokuwa wewe.

Mpwa wako

*

16 Machi

Kijino,

Salamu nyingi. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa, kisha nimeichana vipande vidogo.

Nyamaza. Nakuambia kama mjomba, si kama daktari. Yule mama ametibiwa. Daktari ameomba radhi. Ukisema leo, barua ya Aprili haipo, mtihani haupo, na miaka miwili ya maisha yako imekwenda na maji. Mama yako ameshawaambia watu wote kwamba Juni utakuwa daktari. Hata muuza mkaa anajua.

Usiandike tena jambo hili kwenye karatasi. Fanya kazi. Taja namba kwa sauti.

Mjomba wako

*

4 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Najua ulisema nisiandike. Nisipokuandikia wewe nitamwandikia nani?

Daktari ameshaandika barua ya bodi. Alinisomea kabla ya kuifunga. Anasema katika miaka thelathini na minne hajapata msaidizi mwenye mwandiko wa kuaminika kama wangu. Aliisoma kwa sauti, akaniuliza kama nataka aongeze lolote. Kisha akaniambia, "Na asante kwa siku ile. Mwingine angekwenda kunisema mtaani." Amenishukuru, Mjomba. Nilisema karibu.

Tangu siku ile amebadilika. Anataja namba, anasimama, ananiuliza, "Nimesema ngapi?" Ninamwambia. Anauliza tena. Wiki iliyopita alimrudisha nyumbani mgonjwa wa kung'olewa, akasema mashine ina hitilafu. Mashine haina hitilafu.

Jana mkewe aliniita nyuma ya meza ya mapokezi, akashusha sauti.

"Binti, wewe uko naye kutwa nzima. Anasahau?"

"Hapana, mama."

"Usinifiche. Mama yake alianza hivihivi. Alianza kwa namba. Akawa hajui nyumba yake ni ya ngapi, mwisho hajui wanawe. Huyu sasa anajipima kwa siri, anahesabu kurudi nyuma bafuni, namsikia. Amesema mwisho wa mwezi anarudisha leseni."

Nilimwambia kwamba Daktari hasahau. Akanishika mkono, akasema mimi ni mtoto mzuri, namtetea.

Nina hofu ambayo sijui niielekeze wapi. Nikisema, naogopa bodi. Nikinyamaza, kila asubuhi namwona mzee mwenye akili timamu anajiandaa kuwa mgonjwa.

Mpwa wako

*

13 Aprili

Mwanangu,

Natumaini unakula.

Mimi na huyo daktari wako tuna umri mmoja. Nilikuwa sijalifikiria hilo mpaka ulipoandika habari za bafuni. Juzi nilimtaja mgonjwa kwa jina la kaka yake, na kutwa nzima nikawa najichungulia kama mtu anayetafuta ufa ukutani. Hiyo ni kwa jina moja tu. Yeye umemwacha wiki sita.

Nilikupa ushauri mbaya. Niliutoa kwa woga, na nilikuwa namwogopa zaidi mama yako kuliko bodi.

Mwambie. Usimtangulizie maelezo marefu wala machozi. Mwoneshe faili, mwambie alisema nne, wewe ukaandika kumi na tano, na kwetu ni jino lilelile. Atakuelewa haraka kuliko mtu yeyote. Baada ya hapo sijui. Siwezi kukuahidi kitu.

Mama yako nitamwambia mimi.

Mjomba wako

*

12 Mei

Kijino,

U mzima? Wiki nne sasa hakuna barua. Nimempigia yule unayepanga naye chumba, akasema unatoka asubuhi na mapema, unarudi, husemi na mtu.

Mama yako nilimwambia. Aliendelea kuchambua mchele. Halafu akauliza, "Yule mshonaji anaweza kutafuna?" Hilo tu. Nitumie jibu nimpelekee. Andika hata mstari mmoja.

Mjomba wako

*

21 Mei

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya. Mwambie mama kwamba anatafuna, kwa upande wa kulia.

Nilimwambia Daktari tarehe 24 Aprili, kabla ya mgonjwa wa kwanza. Nilisema kama ulivyonielekeza. Alichukua faili, akahesabu meno kwa kidole hewani, kwanza kwa namna yao, kisha akaniomba nimfundishe ya kwetu. Alipofika kumi na tano alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, akafunika uso kwa mikono miwili. Nilidhani ni hasira. Kumbe anacheka, au analia, sikuweza kutofautisha. Alimwita mkewe: "Njoo! Sina ugonjwa wowote! Ni huyu!"

Mkewe hakucheka. Alinitazama, akasema, "Wiki saba, binti. Wiki saba nikimsikiliza bafuni." Hajaniita binti tena tangu hapo.

Kisha Daktari alitulia, akachana mbele yangu ile barua aliyokuwa hajaituma, akaandika nyingine. Imo sifa yangu, na limo kosa, kwa tarehe yake. Siku hiyohiyo alimwita mshonaji, na mimi ndiye niliyeambiwa niseme. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Kwa hiyo jino langu limekwenda kwa sababu ya hesabu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Bodi nitawaandikia. Sina ugomvi na wewe, lakini nitawaandikia." Ameandika.

Bodi imejibu tarehe 5. Juni sifanyi mtihani. Barua ina swali moja ambalo sikuwa nimejiuliza hata mara moja: ni wagonjwa wangapi wengine walioandikwa na mimi? Wanataka mafaili yote yapitiwe na kila kosa liorodheshwe. Wakishaona orodha kamili ndipo wataamua kama naruhusiwa mwakani, au basi.

Ni mafaili mia sita na arobaini. Daktari anashika eksirei kwenye taa, mimi nasoma namba, mkewe anaweka alama. Tunafanya hivyo asubuhi kabla ya kufungua na saa ya chakula. Tulipita mia moja, mia mbili, mia nne, hakuna kitu. Daktari akaanza kunitania kwamba bodi itatudai miwani.

Leo mchana, faili la mia nne ishirini na mbili. Dereva wa lori, kung'olewa, 17. Kwao hilo ni gego la mwisho, chini kushoto, lile ambalo watu hung'olewa kila siku na hakuna anayeuliza. Daktari aliisogeza eksirei karibu zaidi na taa. Chini kushoto ni zima. Lililooza liko juu kulia, ambalo kwetu ni kumi na saba.

Mkewe alifungua kitabu cha miadi. Kesho, saa tatu asubuhi.

Daktari alinyoosha mkono achukue simu. Nikaomba nipige mimi.

"Mmeahirisha?" dereva akauliza.

"Hapana, kaka, njoo. Lakini niambie, jino linalouma liko wapi?"

"Juu, kulia, huku nyuma. Si niliwaambia?"

"Ulituambia. Mimi ndiye niliyeandika vibaya. Kesho tungekung'oa la chini, kushoto."

Nilisikia injini ya gari lake ikizimwa.

"Dada, ungesema tu mmeahirisha, ningelala vizuri."

"Najua."

"Utakuwepo hapo kesho?"

"Nitakuwepo."

"Basi nakuja. Ila kabla sijafungua mdomo nitakuonesha kwa kidole, wewe mwenyewe."

Nimeliandika kwenye orodha ya bodi, mstari wa pili. Daktari aliniuliza kama nina hakika, maana hili halijamdhuru mtu. Nikamwambia wameuliza makosa, hawakuuliza majeraha. Akaweka sahihi.

Yamebaki mafaili mia mbili na kumi na nane.

Mpwa wako